Nesi Aliyembatiza Antoni

Hakuna jambo lililomtoa Yustina kanisani. Watu wakisikia mtu ameacha kusali hutega masikio wapewe kisa: msiba mkubwa, ugomvi na viongozi wa parokia, ndoa iliyovunjika. Yustina hakuwa na kisa cha kumpa mtu. Alizaliwa Kasokola katika nyumba ambayo hakuna aliyelala bila kusali, akaimba sauti ya pili kwaya ya kigango, kanisa dogo la kijijini kwao, mpaka alipokwenda kusomea uuguzi, akafunga ndoa kanisani na Osward, fundi ujenzi mpole kutoka Misunkumilo. Kisha akaajiriwa mkunga katika zahanati nje kidogo ya mji wa Mpanda, wakapanga nyumba Makanyagio, na maisha yakaanza kwenda mbio.

Mwanzoni ilikuwa ni zamu za Jumapili. Halafu zikawa zile Jumapili ambazo hakuwa na zamu lakini mwili ulikuwa umechoka. Baadaye Jumapili ikageuka siku ya kufua, kusuka nywele na kupika wali wa nazi kwa raha zake. Alipokosa sala za jumuiya mwezi mzima aliona aibu kurudi, na alipokosa mwaka mzima aibu nayo ikamwisha. Osward alimwuliza mara kadhaa kama atakwenda. Mwaka wa tatu akaacha kuuliza. Kila Jumapili asubuhi alipiga pasi shati lake mwenyewe, akapanda baiskeli, akaenda. Miaka minane ikapita hivyo, na Yustina hakujihisi mwovu wala mpotevu. Alikuwa nesi mzuri, anayejulikana kwa mikono yenye uhakika na mdomo usiozunguka, na hilo aliliona linatosha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya bati la zahanati. Mwanamke kijana anayeitwa Kija aliletwa na bodaboda kutoka mashamba ya Kasokola, amekaa katikati ya dereva na mama mkwe wake, uchungu ukiwa umeshika kabisa. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na mbili tu. Yustina alimpima, akamtazama Zakia, nesi mwenzake, na Zakia akaelewa bila kuambiwa. Akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, kisha akaanza kupasha joto vitambaa.

Mtoto hakusubiri gari. Alizaliwa ndani ya dakika chache, wa kiume, kilo moja na gramu mia tatu, rangi ya bluu mdomoni, bila sauti. Zakia akashika mfuko wa kupulizia hewa na kuanza kuuminya taratibu, akihesabu kwa kunong'ona. Kifua kidogo kikainuka, kikashuka. Akiacha kuminya, mtoto alivuta pumzi moja au mbili za kukata, kisha akanyamaza tena.

"Gari liko wapi?" Yustina aliuliza.

"Limepeleka mgonjwa mwingine. Wamesema dakika arobaini," Zakia alijibu bila kuinua macho.

Kija alikuwa amejiinua kwa viwiko kitandani. Alikuwa na miaka ishirini, huu ukiwa uzazi wake wa kwanza, na mumewe, Salvator, alikuwa shambani kwenye mpunga mahali ambapo simu haishiki. Mama mkwe alisimama ukutani, khanga mdomoni, akimwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayo, mayo."

"Nesi," Kija aliita. "Mtoto wangu atapona?"

"Sijui, mama. Moyo wake unapiga. Kupumua ndiko kunamshinda. Tunamsaidia mpaka gari lifike."

Kija akasema kwa sauti iliyonyooka, "Basi mbatizeni. Asiondoke hivihivi. Jina lake Antoni."

Zakia akainua macho mara moja tu. "Mimi Mwislamu, dada Yustina. Na mikono yangu imeshikwa. Hili ni la kwenu."

"Nesi, wewe ni Mkristo?" Kija aliuliza.

"Ndiyo," Yustina akasema.

Lilimtoka kama anavyojibu akiulizwa kama glovu zipo. Wakati ule hakuwa na nafasi ya kulichunguza. Alimimina maji safi kwenye kikombe cha chuma, akakisimamisha ndani ya bakuli la maji ya moto, akangoja, akajaribu kwa kidole, akangoja tena. Mtoto wa uzito ule akimwagiwa maji baridi anaweza kuzimika kwa baridi tu, na Yustina hakuwa tayari kumwua mtu kwa ubatizo. Maji yalipokuwa vuguvugu aliinama upande wa pili wa meza, mkabala na Zakia, akachota kidogo kwa mkono, akayaacha yatiririke kwenye paji la uso lililokuwa dogo kuliko kiganja chake.

"Antoni, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mara tatu maji, mara tatu akapangusa upesi kwa shashi kavu. Zakia hakuacha kuminya. Mama mkwe alisema "Amina" kwa nguvu. Kija alilala chali, akafunga macho, machozi yakimshuka pembeni kuelekea masikioni.

Gari lilifika baada ya dakika thelathini na tano. Zakia alipanda na mtoto, Kija akalazwa kando yao, mama mkwe akafuata, mlango ukafungwa, vumbi likabaki. Yustina alirudi ndani, akaosha vifaa, akafuta meza, akaandika ripoti kwa herufi zake za kusimama. Alipofika kwenye mstari wa hali ya mtoto alijikuta amesema kwa sauti, "Bwana, mshike." Chumbani hapakuwa na mtu. Alikunja uso, akajikasirikia kama aliyekutwa anaongea peke yake barabarani, akamalizia kuandika.

Antoni hakufa. Alikaa hospitali majuma sita, akifungwa kifuani mwa mama yake usiku na mchana, akanyonya, akanenepa. Zakia ndiye aliyeleta habari, kwa kuwa alikuwa na rafiki wodini, na kila alipozileta Yustina alisema "Vizuri," akabadilisha mazungumzo. Lakini lile "ndiyo" halikumwacha. Lilimfuata kwenye bodaboda akienda kazini, lilikaa naye akimenya vitunguu. Alikuwa mtu asiyesema uongo kwa wagonjwa. Lilikuwa ni jambo analojivunia kuliko vyeti vyake. Sasa mama wa watu, katika saa mbaya kuliko zote, alimwuliza swali la wazi, naye akampa jibu ambalo hakujua kama ni la kweli.

Jumamosi moja asubuhi Salvator alibisha hodi Makanyagio. Alikuwa kijana mrefu, mkono mmoja ameshika jogoo, mwingine ameshika kofia. Osward alimkaribisha, akamtolea kiti chini ya kivuli cha ukuta. Salvator alikabidhi jogoo, akashukuru kwa maneno mengi, kisha akafika kwenye shida yake.

"Shangazi," alisema, maana hakuona jina lingine la kumpa, "Padri anataka kumwandika mtoto kwenye kitabu cha ubatizo. Anataka mtu aliyembatiza aende akatoe ushahidi. Halafu tumepanga siku ya kumkamilishia, apakwe mafuta, avae nguo nyeupe. Mimi na mama Antoni tumekaa tukaona, mama wa ubatizo awe ni wewe. Hatuna mwingine."

Osward aliinamisha macho kwenye sufuria ya chai kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Ushahidi nitautoa," Yustina alisema. "Hilo la pili nipe muda. Siku mmeipanga lini?"

"Baada ya wiki tatu."

"Basi nitakupa jibu kabla ya Jumapili ya wiki ijayo. Nikisema hapana, isiwe kwamba nimemkataa mtoto. Itakuwa ni shida yangu mimi."

Salvator hakuelewa, lakini aliitika kwa heshima.

Alhamisi yake, baada ya zamu ya asubuhi, Yustina alikwenda parokiani akiwa bado na sare ya kazi. Padri Siméon alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Katumba, mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi na tabia ya kusikiliza huku akikwaruza kucha ya kidole gumba. Alifungua daftari kubwa, akauliza tarehe, saa, nani alikuwepo, maji gani, maneno gani. Yustina alijibu yote. Alipoona padri anataka kuandika, akamzuia.

"Baba, kabla hujaandika. Mimi sijaingia kanisani miaka minane. Sisali. Nilipoulizwa kama ni Mkristo nilijibu ndiyo, na sijui kama lilikuwa jibu la kweli. Kama ubatizo ule haufai, afadhali niseme leo, umbatize wewe vizuri."

Padri aliweka kalamu chini. "Ulimwaga maji?"

"Nilimwaga."

"Ulisema maneno kama ulivyonieleza? Ulikusudia kumpa mtoto kile ambacho Kanisa linampa?"

"Nilikusudia kumpa kile ambacho mama yake aliomba, na aliomba hicho."

"Basi mtoto amebatizwa. Hata angembatiza yule mwenzako Mwislamu kwa nia hiyo, angekuwa amebatizwa. Mungu hakungoja wewe uwe mzuri ndipo amshike Antoni." Akaandika jina lake taratibu, Yustina, katika safu ya mbatizaji. Kisha akafunga daftari. "Sasa la mtoto limekwisha. Umebaki wewe."

"Mimi sina tatizo na mtu."

"Najua. Ungekuwa na ugomvi ningejua pa kuanzia. Miaka minane ilikwendaje?"

Yustina alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alitaka kujibu sawasawa. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nachoka. Wa pili nilikuwa naona aibu. Kuanzia wa tatu nilikuwa nimezoea."

Padri alicheka kidogo, bila dharau. "Nikuulize kitu kimoja tu. Ulipokuwa unatamka yale maneno juu ya mtoto, ulidhani hakuna anayesikia?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Yustina alisikiliza shoka likipiga mara nne, mara tano.

"Hapana," alisema mwishowe. "Nilijua anasikia. Ndilo jambo linaloniudhi tangu siku ile. Nilijua kabisa."

"Basi hukudanganya," Padri alisema. "Ulichelewa tu kujua kwamba unasema kweli."

Yustina hakuungama siku hiyo. Alisema hapendi kufanya jambo kwa kushtukizwa, na Padri akasema kitubio kipo kila Jumamosi jioni, hakuna foleni kubwa. Lakini alipokuwa anarudi kwa miguu kuelekea Makanyagio, akipita kati ya vibanda vya simu na mama wauza maandazi, alitambua kwamba ameshaamua. Haukuwa uamuzi wa machozi. Ulifanana na ile hali anayoijua kazini: ukishaona tatizo liko wapi, hofu inapungua, mikono inaanza kazi.

Jioni ile alimwambia Osward, "Jumapili nakwenda na wewe."

Osward alikuwa anapiga msasa mpini wa kolego. Hakuacha. Alisema tu, "Tutoke saa moja. Misa ya kwanza inajaa." Lakini kesho yake Yustina alikuta baiskeli imeoshwa, na kiti cha nyuma kimefungwa mto mpya.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, alikwenda jumuiya. Hili ndilo lililomtisha kuliko Padri. Jumuiya yao ilikusanyika saa kumi na mbili na nusu asubuhi uani kwa Cecilia, mwenyekiti, mwanamke wa maneno makali aliyekuwa anauza samaki wa Karema na asiyesahau jambo. Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mikeka na vigoda. Yustina alipoingia, wimbo ulilegea katikati.

"Jamani," Cecilia alisema wimbo ulipokwisha, "leo tumetembelewa."

"Shikamoo, mama Cecilia. Sijaja kutembea, nimerudi," Yustina alisema, bado amesimama. "Na mnajua nimekaa nje miaka minane. Mwenye la kusema aliseme sasa, nimsikilize, halafu tuendelee na somo. Nisingependa tulimalizie kisimani."

Mzee mmoja alikohoa. Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha alimtazama Cecilia, na wengine wote wakamtazama Cecilia, wakingoja.

"Mimi ninalo," Cecilia alisema. "Mwaka ule jumuiya ilipangwa kukutana kwako, tulifika tukakuta umefunga mlango. Tulisimama nje kama wadai. Iliniuma."

"Nakumbuka. Nilikuwa ndani," Yustina alisema. "Nilikuwa macho, nikawasikia mkiondoka. Nisamehe."

Watu waliguna. Cecilia alimkazia macho, kisha mabega yake yakashuka, akatikisa kichwa, akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kilichomshinda mwenyewe kukizuia. "Angalau hujasema ulikuwa zamu." Akamnyooshea Biblia. "Haya, kaa hapa kwenye mkeka. Wewe ndiye unayesoma leo. Na jumuiya ijayo ni kwako. Ukifunga mlango tutavunja."

Yustina alikaa, akasoma. Mahali pamoja alikosea, akarudia mstari, akaendelea.

Jioni hiyohiyo aliungama. Alichosema humo ni chake. Osward aliyekuwa anamngoja nje kwenye baiskeli aliona tu kwamba amekaa muda mrefu, na kwamba alipotoka alitembea kama anavyotembea akitoka kwenye chumba cha uzazi kazi ikiwa imekwenda vizuri, akiwa amechoka na amenyooka. Walipofika nyumbani alimpigia Salvator simu. "Mwambie mama Antoni nimekubali," alisema. "Na mjue nguo nyeupe ni juu yangu. Nitapita nimchukulie vipimo."

Wiki zilizobaki alizitumia kama mtu anayerudisha mwili kwenye kazi baada ya kuugua. Kila asubuhi kabla bodaboda haijafika alisali, na asubuhi nyingine maneno yalikuwa makavu kama unga mdomoni. Hakushangaa. Alijua mguu uliokaa kwenye plasta hauanzi kwa kukimbia. Alisali hata siku ambazo hakusikia chochote, na siku ya tisa au ya kumi, akiwa amesimama jikoni, akasikia utulivu fulani, bila kelele yoyote, kama mtu anayemjua ameingia chumbani na kukaa. Aligeuza chapati na kuendelea.

Jumapili ya ibada, kigango cha Kasokola kilijaa mpaka nje. Salvator alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Kija alikuwa amenawiri, na mama mkwe alikuwa amesambaza habari kijiji kizima, kwa hiyo kila mtu alitaka kumwona mtoto aliyebatizwa mezani zahanati. Antoni sasa alikuwa na kilo tatu na robo, na sauti. Alilia tangu wimbo wa kuingilia, kilio chenye nguvu, na Yustina, aliyemkumbatia kifuani, alikisikiliza kilio kile kama mtu anayesikiliza muziki.

Zakia naye alikuja. Alikaa benchi la nyuma na hijabu yake ya kijani, kwa mwaliko wa Salvator, aliyekuwa amesema hawezi kufurahi bila mikono iliyompulizia mwanawe pumzi. Wanakijiji walimpa nafasi pana kuliko aliyohitaji.

Padri Siméon aliwaita mbele. Alieleza watu kwamba mtoto huyu hatabatizwa tena, kwa sababu ubatizo haurudiwi. Leo wanamkamilishia tu. Kisha akawageukia wazazi na mama wa ubatizo, akauliza maswali ya imani, moja baada ya jingine. Salvator alijibu kwa kunong'ona, Kija kwa haya. Sauti iliyosikika mpaka nje, mpaka kwa wale waliosimama kwenye jua, ilikuwa ya Yustina.

"Nasadiki."

Hakulisema haraka safari hii. Alilisema akiwa amelitafuna, anaujua uzito wake, na akijua pia kwamba kesho asubuhi atalazimika kulisema tena jikoni kwake, labda kwa shida. Halikumtisha. Padri alimpaka Antoni mafuta utosini, na mtoto akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akashangaa taa.

Baada ya misa walikula pilau na nyama ya mbuzi uani kwa Salvator. Bibi mmoja aliyekuwa amesimamia uzazi kijijini miaka mingi alimvuta Yustina pembeni, akataka aeleze tena yale maneno na jinsi ya kupasha maji, polepole, na Yustina akamweleza mara mbili.

Wakiwa njiani kurudi mjini, Zakia alisema, "Sasa utakuwa unanikimbia kazini kila Jumapili."

"Nilitaka kukuomba tukae tupange," Yustina alijibu. "Jumapili asubuhi ushike wewe, mpaka saa nne nitakuwa nimefika. Ijumaa kuanzia saa sita mchana nishike mimi, wewe uende ukaswali na upumzike."

Zakia alifikiri. "Ijumaa mpaka saa tisa?"

"Mpaka saa tisa."

"Tumekubaliana," Zakia alisema.

Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, hakuwa na pingamizi, akabandika ratiba mpya ukutani. Ijumaa ya kwanza Zakia alivua koti la kazi saa sita kamili, akachukua mkoba wake, akaondoka. Yustina alibaki peke yake na kina mama watatu wa kliniki na mmoja aliyekuwa anatembeatembea ukumbini, ameshika kiuno.

"Njoo, mama," Yustina alimwambia, akifungua mlango wa chumba cha uzazi. "Nikupime tuone umefika wapi."